Pampu Aliyotutumia Elia

Kambi ya Nakivale, Uganda, 2014

Mapendo, mwanangu, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Umekwenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka muwe mmeimba kila wimbo mnaoujua. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimefunga kibanda mapema, nimekaa mlangoni penye mwanga, na karatasi nimezichana katikati ya daftari lako la zamani. Utanisamehe.

Sitaandika habari za safari. Sweta imo begini, vyeti vimo kwenye mfuko wa nailoni, na kuhusu wanaume wa Kampala nimesema tangu Jumatatu mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Barua hii ni ya jambo moja tu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo, mara ya mwisho jana tulipokuwa tunachambua mchele, na mdomo ukakataa.

Ile pampu niliipasua mimi.

Siyo Elia. Haikupasuka ndani ya ndege, wala kaka yako hakututumia kitu kibovu. Ilifika nzima, ikapasuka mikononi mwangu Jumamosi ile uliyokuwa Ngarama ukipiga picha za arusi. Sasa unajua. Kama unataka kukunja karatasi hapa ukae nayo kwanza, ikunje. Lakini ukipata nguvu urudi usome mengine.

Nianze na baba yako, kwa sababu kiburi changu kilitoka kwenye kitu kizuri alichonipa. Unajua alikuwa fundi wa mabomba kule Uvira, Kongo, lakini hukupata kuona alivyokuwa akinifundisha. Akirudi kazini alinifumba macho kwa kitambaa, akaniwekea kiungio cha bomba kiganjani, na mimi nipapase meno yake kwa kidole gumba. "Hii ni ya ngapi?" "Ya nusu." "Na hii?" "Robo tatu." Nikipatia alicheka akaenda kuwaambia majirani kwamba ameoa fundi. Alinifundisha pia kwamba kiungio kikianza kukaza kabla ya mzunguko wa tatu, ukirudishe nyuma, ukitazame, usikitie spana. Hilo nililisikia mara mia.

Alipofariki hapa, masika yetu ya pili kambini, wewe ulikuwa darasa la pili. Alituachia spana mbili, msumeno na gunia la robine, koki za maji kuukuu alizokuja nazo mgongoni, wakati watu wenye akili walibeba sufuria. Shamba tulilopewa lilikuwa mawe matupu. Nikatandika turubai kando ya barabara, nikazipanga zile robine. Watu walikuja kununua, wakakaa kuuliza. Bomba langu linavuja, Mama, nifanye nini? Ulipofika darasa la tano hakuna aliyejua jina langu tena, nilikuwa Mama Robine. Nyinyi wawili mlikula kwa kazi ile, mkavaa, mkasoma, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa gunia lile. Lakini mtu anayeulizwa na kila mtu, inafika siku anasahau namna ya kuuliza. Mimi siku hiyo ilinifikia wala sikuiona ikija.

Halafu ikaja studio yako ya video. Ulipanga kile chumba nyuma ya kinu cha mahindi kwa sababu jenereta ya kinu ilikuwa umeme pekee wa karibu. Bati juu, kinu pembeni, na unga unaingia kwenye kila tundu. Feni za ile kompyuta yako ya kwanza ziliota manyoya meupe kama mzee. Ulizisafisha kwa brashi kila asubuhi, na saa nane mchana joto likizidi mashine inajizima. Nakumbuka video ya arusi ya binti wa mchungaji. Ulikuwa umeikata na kuipanga siku tatu, ikazimika, ikapotea yote. Bibi arusi alikuja kulia mlangoni petu na wewe ukasimama naye ukilia, nikashindwa kujua nimbembeleze nani.

Ndipo ulipomwandikia kaka yako. Elia alikuwa ameshaondoka na familia ya mke wake, kule ng'ambo, akipakua mizigo ghalani. Hakujibu wiki mbili. Kisha akapiga simu kwamba mwenzake kazini anauza kompyuta kubwa ambayo haipozwi kwa feni peke yake, inapozwa kwa maji. Mimi nilidhani amechanganyikiwa. Maji na umeme? Wewe ukanieleza, umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa:

"Mama, ni kama rejeta ya gari tu. Pampu inasukuma maji, maji inapita juu ya fasi yenye iko na moto, inabeba ule moto, inaenda kuumwaga mu rejeta."

"Na unga?"

"Unga itabakia kwa kinu. Rejeta tutaiweka ngambo ya ukuta, inje, fasi ya kivuli. Sanduku lenyewe tutalifunga na kitambaa."

Nilielewa. Nikafurahi zaidi yako.

Mashine ilikuja na Mkongomani mwenzetu aliyekuja kuona wazazi wake. Elia alikuwa amemwaga maji yote, amefunga kila kitu kwa nguo zake mwenyewe. Hata hivyo mzigo ulikandamizwa njiani. Rejeta ilifika imepondeka kama kopo lililokanyagwa, na viungio vya rejeta na vya pampu vilikuwa vimepotea. Kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya moyo wa mashine kilikuwa salama, na viungio vyake viwili. Pampu nayo ilikuwa salama. Nakumbuka kifuniko chake kilivyokuwa, plastiki nene inayopitisha mwanga, na matundu mawili yenye meno. Uliishika ukaitazama kuelekea juani. Ilikuwa haina hata mkwaruzo. Nakuandikia hili kwa sababu baadaye ulisahau kwamba uliitazama, na mimi sikukukumbusha.

Ukasoma sana siku zile, kwenye simu, na mjini kwa rafiki yako mwenye intaneti. Ukaandika vinavyohitajika kwenye karatasi, ukanisomea nikiwa nasugua kutu. Kwamba vyote vinavyoguswa na maji yale lazima vipatane. Rejeta iwe ya shaba, isiwe ya alminiamu. Mpira wa kupitisha maji uwe milimita kumi ndani na kumi na tatu nje, maana nati inabana kwa nje, na ukipata ulio sawa ndani lakini nje si sawa utachomoka. Maji yawe yale safi ya kuongeza kwenye betri, wala tusije tukauziwa asidi. Na viungio viwe vya robo inchi, vya meno yaliyonyooka, vyenye washa, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, bila tepu.

Nikakwambia, "Meno ya robo ni meno ya robo. Nilikuwa nayajua mbele ya wewe kuzaliwa."

"Ndiyo, mama," ukasema. Halafu ukapiga mstari chini ya lile neno "yaliyonyooka". Ukapiga na wa pili. Nilikuona, na mistari ile miwili iliniudhi siku nzima.

Alhamisi nikaenda Mbarara kama kawaida kununua bidhaa. Kabla ya yote nikaona dukani rejeta ya pikipiki, mpya, inang'aa, nyepesi kama sahani. Nikainunua. Nikachukua bodaboda mpaka Biharwe kwa mafundi wa rejeta, nikitaka tu wanitilie matundu ya robo. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mzee Byaruhanga. Nilikusimulia habari zake nusu nusu, leo pata zote.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kisicho na gari, anakula muhogo. Akaitazama ile rejeta kwapani mwangu.

"Maama, hiyo ni ya boda gani?"

"Si ya boda. Ya kompyuta."

Akacheka mpaka muhogo ukampalia. Alipoona sicheki akafuta mikono, akaomba karatasi yako. Aliisoma polepole, kidole juu ya mstari.

"Nani aliandika hii?"

"Binti yangu."

"Huyu anajua. Sasa angalia, maama. Ile chuma ya kompyuta ni kopa, hiyo shaba, si ndiyo? Hii yako ni alminiamu. Ukiweka zote mbili kwa maji moja, kopa itamaliza hii pole pole. Leo iko sawa. Mwaka ingine iko na matundu, na ile uchafu yake imeenda kuziba pampu."

Akanionyesha bomba la alminiamu alilolitoa kwenye gari la mtu aliyechanganya vyuma. Nililigusa, likamomonyoka unga mweupe kidoleni. Akavuta kutoka chini ya meza rejeta ndogo ya hita, ya lori kuukuu, shaba tupu. Akaisuuza, akaziba mrija mmoja uliotoboka, akalehemu soketi mbili za robo. Akaizamisha kwenye pipa na kuipulizia hewa, tukainama wote wawili kutafuta povu. Hakukuwa na povu. Rejeta yangu ya pikipiki alikwenda mwenyewe kuirudisha dukani, maana muuzaji alimjua.

Nilipokuwa nafunga mzigo akauliza, "Na fitingi, zile viungio?"

"Fitingi niachie mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Sawa. Lakini chukua ile meno yake iko sawa sawa mpaka mwisho. Zile za kompresa ya hewa zinanenepa huku nyuma. Kwa chuma hakuna shida. Kwa plastiki zitapasua."

Angalia basi, Mapendo. Wewe uliniandikia na mistari miwili. Mzee aliniambia kwa mdomo. Baba yako alikuwa ameniambia miaka ishirini nyuma. Nikarudi mjini, nikaingia duka la kwanza, wakanipa za kompresa, nikazipapasa kwa kidole, zikasoma robo. Gari la kurudi lilikuwa linajaza. Nikanunua nne.

Jumamosi alfajiri ukaondoka na kamera kwenda Ngarama. Nilitaka urudi ukute imefungwa tayari. Nusu ilikuwa mapenzi, mwanangu, usidhani hapakuwa na mapenzi. Nusu ilikuwa ile mistari.

Nikazungusha tepu nyeupe, nikaanza na pampu. Mzunguko wa kwanza ukaenda laini. Wa pili ukaanza kukaza. Kidole changu kilijua. Nakuapia kidole kilijua, kilisimama chenyewe. Nikachukua spana. Nikavuta nusu mzunguko, nikasikia sauti ndogo, kama kucha inapokatika.

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni. Kinu kilikuwa kinasaga, hakuna aliyesikia. Nikakaa chini na pampu mapajani sijui muda gani. Kisha nikafungua kile kiungio, nikafuta tepu kwa kitenge, nikairudisha pampu ndani ya fulana ya Elia kama ilivyokuja, na vile viungio vinne nikavitupa chini kabisa ya gunia la robine. Halafu nikaenda kupika maharage.

Uliporudi ukauliza, "Mama, fitingi ulipata?"

"Sikupata."

Ukaenda mwenyewe mjini, ukarudi na zilizo sahihi. Ukazifunga kwa mkono mtupu, bila spana. Ukafanya ulivyosoma: pampu peke yake kwanza ikizungusha maji, mashine haijaguswa, magazeti yametandikwa chini. Ulikaa sakafuni ukiyatazama magazeti kama mtu anayelinda maziwa motoni. Doa likatokea. Ukaibeba pampu mpaka mlangoni, ukaona.

"Mama, imepasuka."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ulinitazama. Ningefungua mdomo tu.

"Ee, safari ni ndefu," nikasema.

Jioni ile ukamwandikia Elia ujumbe, ukanisomea kabla ya kuutuma: "Umetutumia takataka. Kama hukupenda kutusaidia ungesema." Sikukuzuia. Nilisema nina kichwa kinaniuma. Jibu lake likaja asubuhi: "Nisamehe, dada. Ningeifunga vizuri zaidi." Ukatupa simu kitandani ukatoka.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Ulikwenda Kakiika, kando ya Mbarara, kwenye studio ya mtu mwingine, ukakata arusi za watu na jina lake likaandikwa mwisho wa kila filamu. Ulirudi nyumbani Jumapili moja kati ya mbili. Kaka yako akipiga simu, ulinipa mimi ukaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Miezi minane. Upande wangu ulikuwa huu: nilikuwa napika chakula cha watu wawili, nakumbuka, napunguza. Na kila aliyekuja kibandani kuuliza kitu, nilimjibu nikiwa sijiamini. Mwanamke mmoja aliniuliza kiungio cha tangi, nikamwambia nenda kaulize kwa mwingine. Akashangaa.

Nikaipeleka pampu Biharwe. Mzee Byaruhanga alikuwa mtu wa kwanza duniani kunisikia nikisema ukweli huu. Nilisema haraka, nimesimama. Aliigeuza kwenye mwanga, akaona ufa ulikoanzia, akajua kila kitu. Hakusema, "Si nilikwambia?" Hata uso wake haukusema.

"Plastiki hii hairudi, maama. Gundi haiwezi, maji moto itaitoa. Lakini jirani yangu iko na mashine ya kukereza. Uko na brasi?"

Nilikuwa na koki kubwa ya baba yako, ya shaba ya njano, nilikuwa nimeibeba bila kujua kwa nini. Kuanzia pale sikugusa kitu, nilikaa nikawaangalia wakipima. Walipima kila tundu mara tatu. Siku ya pili jirani yake akatoa kifuniko kipya, kizito, cha rangi ya asali, na kijifereji cha kukalia ule mpira wa kuzuia maji. Shaba kwa shaba, akaniambia Mzee, hazitagombana sana. Akakipigapiga kwa kidole.

"Sasa hata ukikaza na hasira haitapasuka." Akaniangalia. "Lakini usikaze na hasira."

Nikacheka, mara ya kwanza baada ya miezi. Halafu akauliza, "Huyo binti aliandika karatasi, anajua?"

"Hajui."

"Mh," akasema, akaenda kunawa mikono. Nilipotaka kumlipa kazi yake akakataa, akasema nimletee muhogo siku nyingine. Nimempelekea muhogo kila Alhamisi tangu siku ile, ndiyo maana ulikuwa unaniuliza nani anakula muhogo wetu wote.

Jumapili iliyofuata nikapanda kilima nyuma ya kanisa, pale penye mtandao, nikampigia Elia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalitoka matatu: "Elia, ni mimi."

Kisha akasema, "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Niliijaza maji wiki nzima mbele ya kuituma. Haikuvuja hata tone. Mapendo aliponitumia picha ya ule ufa, umetoka kwa tundu. Kama ni mzigo umeikandamiza, ingepasuka kwa kona. Nikasema, huyu ni mama na spana yake."

"Sasa juu ya nini hukumwambia? Amekutukana, mwanangu!"

"Mama, miye niko mbali. Akikasirikia miye, anazima simu, basi. Lakini wewe muko naye nyumba moja. Angekukasirikia wewe, angeenda wapi? Nikaona afazali miye."

Mapendo, nilikaa chini kwenye nyasi. Watu waliokuwa wakitoka ibadani walinipita wakidhani naomba.

Nikamwambia nitakuambia siku hiyohiyo. Akanisihi nisikuambie. Akasema yeye mwenyewe atapona tu, tumuache, tufunge mashine tufanye kazi. Na mimi nikamtii mtoto wangu haraka mno, kwa sababu alichoniomba ndicho nilichokuwa nakitaka. Hili linaniuma kuliko lile la spana. Spana ilikuwa nusu mzunguko. Hili nimelifanya kila siku kwa miaka miwili.

Ulipokuja nikakupa kile kifuniko, nikasema Mzee wa Biharwe amepata namna. Ukakinyooshea mikono kama mtoto. Tukafunga mashine pamoja, na sitasahau siku ile hata wakinisahau wote. Uliloweka ncha za mpira kwenye maji ya moto zilainike. Uliniomba nipapase meno ya kila kiungio kabla ya kufunga, ukanitegemea, mimi! Uliniambia rejeta isikae juu sana wala mpira usiwe mrefu bure, pampu ni ndogo ina nguvu zake tu. Tukaitundika chini ya paa upande wa mgomba, tukatoboa ukuta, tukapitisha mipira miwili. Tukajaza, tukatandika magazeti, tukakaa kuanzia asubuhi mpaka kinu kikafunga. Magazeti yakabaki makavu. Kesho yake ukawasha mashine yenyewe. Baada ya saa nzima ukachukua mkono wangu ukauweka kwenye mpira mmoja, halafu kwenye wa pili.

"Sikia, mama. Huu unaenda na moto. Huu unarudi bila."

Ulikuwa unacheka na machozi yanakutoka. Ukasema nimpigie Elia nimwambie imewaka. Nimpigie mimi. Wewe ulikuwa na kazi.

Kwa mashine ile umekata arusi zote za hapa, na ile filamu ya kwaya iliyofika mpaka kwa walimu wa chuo cha filamu Kampala, hao wanaokupokea sasa. Ulinisimulia ulivyowaambia kwenye usaili: kaka yangu alituma pampu iliyopasuka, mama yangu akaniokoa. Wakapenda. Na Jumapili iliyopita ulisimama kanisani kutoa shukrani, ukasema hadithi ileile mbele ya wote, ukasema kama si Mama Robine hungeenda kokote. Wakapiga makofi, wakanigeukia. Nilisimama nikainamisha kichwa, wakasema angalia unyenyekevu wake. Mchungaji akaniombea. Sijapata kulala vizuri tangu siku hiyo, maana najua Elia ataisikia, watu wakimtumia ile video, naye atasema hongera.

Najua utakutana na makosa yako huko. Utaharibu vitu vya watu, kila anayefanya kazi kwa mikono anaharibu. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni hiki tu, na nimekijua kwa kuchelewa: ningesema jioni ile mlangoni, kingekuwa ni kifuniko cha plastiki. Nikanyamaza, akawa kaka yako.

Sasa niseme nililotaka kusema kwa furaha, kwa sababu siandiki nikilia, usidhani. Ninawashukuru. Namshukuru Mzee Byaruhanga ambaye si wa kabila letu wala wa nchi yetu, aliyenisaidia mara mbili, mara ya pili nikiwa sistahili. Basi lenu litapita Biharwe asubuhi, ukae upande wa gereji, umpungie. Atakuwa amekaa kwenye kiti chake. Nimemwambia utapita.

Nakushukuru wewe. Ulisoma peke yako mambo ambayo hakuna mtu kambini aliyeyajua, ukayaandika kwa mwandiko unaosomeka, na mama yako alipokubishia ukasema ndiyo mama. Ulipotoka Kakiika uliniletea sabuni na sukari ingawa moyo wako ulikuwa umevunjika. Hukuwahi kuniambia mimi ni mjinga wa mambo ya kisasa. Nimekuwa mama wa watoto wawili ambao kila mmoja ananizidi, na sijui nilimfanyia Mungu nini hata akanipa.

Na namshukuru Elia, lakini shukrani yake siwezi kuilipa mimi. Yeye hakunibebea tu. Alikubali umchukie. Alikaa kule ghalani na maneno yako kwenye simu yake, wala hajayafuta, aliniambia. Nilimuuliza kwa nini hayafuti. Akasema ni maandishi ya mwisho ya dada yake, mengine hajapata tangu hapo.

Jana nilimpigia nikamwambia nitakuandikia, hata akinikataza. Safari hii hakunikataza. Aliuliza tu basi linaondoka saa ngapi.

Nitakutilia barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi, utaikuta ukitafuta maji. Kama umenikasirikia, nikasirikie vizuri, mpaka mwisho, nimestahili, na mimi nipo hapahapa. Namba ya kaka yako nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa sababu najua uliifuta. Ukishuka Kampala, kabla hujanitafuta mimi kuniambia umefika, mpigie yeye. Mimi nitangoja.

Mama yako,
Mama Elia na Mapendo